MJADALA: Msalaba mwekundu kwenye ukuta wa zahanati ya kijiji, ubaki au ufutwe?

Mwana Kitangari

Wadau wa kusini, salaam. Naleta jambo lililotugawa kijijini kwetu, huku wilaya ya Newala. Zahanati tuliyoijenga kwa makato ya korosho imekamilika. Bati limekaa, sakafu imesakafiwa, mganga ameshapangiwa. Fundi rangi alipomalizia akachora msalaba mwekundu mkubwa pande zote mbili za mlango. Kwenye mkutano wa kijiji baadhi ya wazee wakasimama wakasema hela ilikatwa kwa kila mkulima, Mwislamu na Mkristo, iweje jengo la wote liwekewe alama ya dini moja? Wakataka ifutwe, au ichorwe na hilali pembeni yake. Wengine wakapinga, kelele zikazidi, mtendaji akaahirisha mkutano.

Msimamo wangu: ubaki. Alama ile haikutoka kanisani. Ilianzia Geneva, 1863, watu walipokutana kuunda chama cha kuhudumia majeruhi wa vita, na mwaka uliofuata mkataba ukasainiwa. Walichukua bendera ya Uswisi wakageuza rangi, kwao ni msalaba mweupe juu ya nyekundu, huu ni mwekundu juu ya nyeupe. Ni alama ya tiba, basi. Tatizo letu ni kwamba wazee wenye asili ya pwani wakikosa hoja ya kupinga maendeleo hukimbilia dini. Kama kila mistari miwili inayokatana ni Ukristo, basi na zile X nyekundu wanazopaka kwenye nyumba za barabarani za kubomolewa zimeshatubatiza wote.

Bin Kivinje

Mleta uzi, habari za Uswisi tutazirudia. Kwanza nijibu hili la "wazee wa pwani kupinga maendeleo". Wazee wa pwani walijenga msikiti wa mawe wenye makuba pale Kilwa Kisiwani na walipiga sarafu zao wenyewe wakati Mreno hajui hata Bahari ya Hindi anaingilia wapi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika 1331 akausifu mji. Leo unatuambia hatupendi maendeleo?

Unataka kujua kwa nini mzee wa pwani akiona msalaba ukutani anasimama kuuliza? Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida alitia nanga Kilwa na meli zake. Askari walipokwisha kuingia mjini, mapadri wakashuka na misalaba miwili kwa maandamano, wanaimba. Wakaenda mpaka kwenye jumba la mtawala, msalaba ukasimamishwa pale, mkuu wa msafara akasali. Walipomaliza kusali wakaanza kupora mji. Haya hayakuandikwa na Mwislamu mwenye kinyongo. Yaliandikwa na Mjerumani aliyekuwamo kwenye msafara huohuo. Wakajenga ngome, wakakaa mpaka 1512.

Sasa mzee kama huyo amesimuliwa na babu yake, na babu yake na babu yake. Halafu anakuja kijana wa juzi anamwambia "ni alama ya tiba, basi".

Mama Ligula

Nimekuwa muuguzi miaka mingi. Mama anayeletwa kwa bodaboda saa nane za usiku na uchungu haulizi ukuta umechorwa nini. Anauliza kama kuna taa na kama kuna maji. Mleta uzi, umetueleza rangi ya ukuta, hujatueleza kama chumba cha kujifungulia kina kitanda. Wanaume mnajua kugombea kuta.

Korosho Ghafi

Mama Ligula hapo umetuonea. Wanaume ndio tuliobeba tofali za zahanati nyingi huku. Usitujumlishe.

Mdogo wa Ndanda

Bin Kivinje, kaka yangu, historia ukiianza usiishie njiani. Umetupeleka 1505 ukafunga daftari. Endelea basi. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walipofungua misheni za Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890 hawakuja na mizinga, walikuja na shule na dawa. 1905 ilipolipuka Maji Maji, Nyangao ilichomwa moto, Sista Walburga Diepolder akauawa. Agosti ya mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss aliuawa kule Liwale akitokea Kilwa kwenda Peramiho, yeye na mabruda wawili na masista wawili. Wangeweza kufunga virago. Mwaka uliofuata wakaanza Ndanda.

Na leo, mtu wako akivunjika nyonga huko Lindi vijijini, unampeleka wapi? Hospitali ya Ndanda imepakana na kanisa la abasia. Wodini wamejaa akina Bi Zainabu na akina Mzee Hamisi, wanatibiwa, wanaswali juu ya mikeka yao, wanarudi nyumbani. Sijawahi kusikia mtu amegoma kulazwa kwa sababu ya msalaba. Hii hasira ya msalaba naiona mitandaoni tu.

Bin Kivinje

Mdogo wa Ndanda, hawakuja na mizinga kwa sababu mizinga ilikuwa imetangulia. Mei 1890 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliichukua Kilwa, akaichukua Lindi, akaichukua Mikindani, zote mwezi mmoja, kwa meli za kivita. Hapa Kivinje mwembe wa kunyongea bado unatajwa kwa jina lake. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa 1895. Watu wa dini walipofika barua ya njia ilikuwa imeshaandikwa kwa damu.

Ndanda nimetibiwa. Mama yangu ametibiwa. Wala sina ubaya na masista, Mungu awalipe. Lakini Ndanda ni nyumba yao, wameijenga wao, wakiweka msalaba ni haki yao, na mimi naingia kama mgeni. Zahanati ya kijiji ni yangu. Kwangu sitaki kuingia kama mgeni.

Chikongola Juu

Hiyo sentensi ya mwisho ya Bin Kivinje ijibiwe kwanza kabla hatujaendelea.

Mdogo wa Ndanda

Nani kakuambia ni mgeni Ndanda? Umeanza maneno ya kutugawa sasa.

Msomaji wa Nachingwea

Naomba nichangie kwa upole. Mnabishana kana kwamba kila anayemfuata Kristo anautumia msalaba. Sisi Mashahidi wa Yehova hatuutumii, hatuuvai, wala hauko kwenye majumba yetu. Tunaamini Yesu alifia kwenye mti wa wima usio na boriti ya kukingama. Zamani gazeti letu lilikuwa na msalaba na taji kwenye jalada, ukaondolewa 1931. Kwa hiyo hata mkiuacha ukutani, msiseme ni kwa niaba ya Wakristo wote.

Korosho Ghafi

Asante, lakini kijijini kwa mleta uzi hakuna aliyesema Mashahidi. Tusiongeze moto.

Mwalimu wa Masasi

Nimesubiri nikaona mnakwenda Ureno, Ujerumani, mnarudi Ndanda. Nifundishe kidogo, ndiyo kazi yangu.

Alama ya mistari miwili inayokatana haina mwenyewe. Wamisri wa kale walikuwa na msalaba wenye kitanzi juu, miungu yao imechorwa imeushika, maana yake uhai. Wakristo wa Misri walipokuja, Wakopti, wakauchukua huohuo wakaufanya wao. Wakongo walikuwa na msalaba kabla mfalme wao Nzinga a Nkuwu hajabatizwa 1491. Mstari wa ulalo kwao ni maji yanayowatenga walio hai na waliokufa, wa wima ni njia baina yao, na jua linazunguka pande nne. Mreno alipofika na msalaba wake waliutazama wakaona kitu wanachokijua, ila yeye hakujua wanachokiona. Kule Katanga, kusini mwa Kongo, shaba ilimiminwa kwa umbo la msalaba ikawa fedha ya kununulia na kuolea, na kiongozi wao Tshombe alipojitenga 1960 akaiweka kwenye bendera. Watuareg wa Niger, Waislamu, wanavaa kifuani msalaba wa madini ya fedha wa Agadez na hakuna anayewauliza imani yao. Wahindu wanachora msalaba uliopinda ncha nne, swastika, kwenye milango ya maduka na vitabu vya hesabu kuomba baraka, na wazee wa Lindi na Mikindani mnaokumbuka maduka ya Wahindi mtakuwa mmeuona. Hitler akauchukua akaupaka damu mpaka Ulaya nzima haiwezi kuutazama.

Na Wakristo wenyewe? Kwa Warumi msalaba ulikuwa mti wa kuulia watumwa na waasi. Uasi wa Spartacus ulipozimwa, 71 kabla ya Kristo, walisulubiwa watu 6,000 kando ya barabara ya kwenda Roma. Ndiyo maana waamini wa mwanzo walipenda zaidi kuchora samaki na nanga. Msalaba ulipanda hadhi baada ya Konstantino, mtawala wa Roma, yule aliyesemekana kuona alama angani kabla ya vita vya 312. Kuanzia hapo ukabebwa mbele ya majeshi, na hayo ya Kilwa anayoyasema Bin Kivinje ni mtoto wa siku hiyo.

Lakini Bin Kivinje asikilize na upande wetu. Masasi ilianzishwa 1876 na Askofu Steere wa Kianglikana pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Zanzibar, soko la watumwa likiwa limefungwa miaka mitatu tu nyuma. Wengi walikuwa wamepita njia hizihizi za kusini wakiwa na minyororo, wakapakiwa hukohuko kwenye bandari zenu. Kanisa la Mkunazini, Zanzibar, limesimama pale sokoni, na ndani yake kuna msalaba uliochongwa kwa mti ambao mmisionari Livingstone alizikiwa moyo wake chini yake. Mtu wa Masasi akiuona msalaba anaona siku mnyororo ulipokatwa. Mtu wa Kilwa akiuona anaona siku mji ulipoporwa. Wote wawili wanasema kweli na wote wawili wana makaburi ya kuonyesha. Kwa hiyo usimwambie mzee "hii si dini", maana unamwambia hajui alichokiona. Na wewe mzee usimwambie Mmasasi msalaba ni wa Mreno.

Bin Kivinje

Mwalimu, nakuheshimu, ila "bandari zenu" umeiweka makusudi. Mnunuzi wa Kilwa alikuwa nani na mteja wake alikuwa nani? Mfaransa alikuja Kilwa kununua watumwa wa kupeleka mashamba yake ya visiwani, Mkristo kamili. Tusibebeshane.

Mwalimu wa Masasi

Mfaransa alinunua, kweli. Na aliyeuza? Tuishie hapo, nitakupigia simu.

Mchonga Mpingo

Mimi nachonga vinyago hapa Mtwara mjini, Mmakonde, Mwislamu, naswali swala tano. Nachonga mashetani, nachonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, na nachonga misalaba ya mpingo kwa oda za parokia. Miaka yote sijaona shehe amenijia dukani. Mpingo ni mgumu, unakula patasi, na uso wa Yesu msalabani ni kazi ngumu kuliko vinyago vyote kwa sababu mikono inatoka pembeni na mti haupendi kwenda pembeni. Nikiuchonga nauchonga kwa adabu. Suratun Nisaa aya ya 157 naijua, kwamba Nabii Isa hakuuawa wala hakusulubiwa, na naiamini. Lakini anayeununua ananunua imani yake, siwezi kumchongea vibaya.

Bibi yangu alikuwa na chale usoni, mistari imevunjika pembe pembe mashavu yote mawili, na ndonya mdomoni. Masista waliwakataza binti zake wasichanje, wakisema ni ushenzi. Na shehe naye aliwakataza, akisema ni haramu. Hapo msalaba na hilali walikubaliana. Kwa hiyo nikisikia mnagombea alama ya nani ikae ukutani, mimi nauliza, ya bibi yangu iko wapi?

Chikongola Juu

Mzee Mchonga umenigusa. Choreni chale za Kimakonde ukutani, mjadala uishe.

Korosho Ghafi

Wayao na Wamakua wa Newala watakubali chale za Kimakonde? Umefungua uzi mwingine.

Mnazi Mmoja

Samahanini, nimesoma bandiko la kwanza nikashindwa kuendelea. Mleta uzi, X unazozitania, moja iko kwenye ukuta wa sebule yangu. Nimejenga miaka ya tisini kwa kuuza ufuta, nimelipia kiwanja serikali ya kijiji, stakabadhi ninazo. Wakati huo hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, na mimi nilikuwa nje yake. Sheria ya barabara ya 2007 ikaja na mita 30, nikajikuta ndani nimekaa palepale. Wamekuja vijana na ndoo ya rangi, hata hodi hawakupiga. Watoto walikuwa wanakula. Usiniambie X imenibatiza.

Mwana Kitangari

Pole sana mzee wangu. Sikukusudia kumgusa mtu. Ila swali langu tangu mwanzo ni hili, nani ana mamlaka ya kuamua kinachochorwa kwenye jengo la wananchi? Mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya ujenzi, au mtendaji?

Bin Kivinje

Hapana. Tangu mwanzo ulisema "ubaki". Rudi juu ukasome.

Naliendele

Mzee Mnazi Mmoja, X yako rangi gani? Nyekundu ina maana umeingia kwenye hifadhi, hulipwi. Ya kijani ina maana barabara ndiyo imekufuata, unastahili fidia. Kama ulikuwa nje ya 22.5 ilitakiwa ya kijani.

Mnazi Mmoja

Nyekundu. Na jirani yangu, ukuta wake umepangana na wangu, kijani. Nani amepima?

Mama Ligula

Kabla hamjahamia barabarani wote, niseme hili kwa sababu tulifundishwa kwenye semina na naona hakuna aliyeligusa. Msalaba mwekundu kwenye nyeupe si alama ya hospitali. Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Ni ya huduma za tiba za majeshi wakati wa vita, na ya vyama vya Msalaba Mwekundu. Wakati wa amani gari la wagonjwa au kituo cha kutibu bure kinaweza kuutumia kwa nadra, tena kwa ruhusa ya chama cha nchi husika. Duka la dawa kuuchora ni makosa, fundi rangi kuuchora ni makosa. Sababu yake si dini wala heshima ya Uswisi. Siku ya vita anayeuona anatakiwa ajue kwamba hapa hapigwi mtu. Ukichorwa kila duka la panadol, siku hiyo nani atauamini?

Na hilali ambayo wazee wameiomba ni hivyohivyo. Waturuki walianza kuitumia kwenye vita vyao vya miaka ya 1876 hadi 1878 kwa sababu askari wao hawakuutaka msalaba, ikatambuliwa rasmi 1929. Nayo inalindwa. Ubishi huu wenu dunia imeshabishana mpaka 2005 wakaongeza alama ya tatu, umbo la almasi nyekundu lisilo la dini yoyote, na hiyo nayo hamruhusiwi kuchora kwenye zahanati. Kwa hiyo ufutwe, hilali isichorwe, na paandikwe jina la zahanati kwa herufi kubwa zinazosomeka usiku.

Mdogo wa Ndanda

Kwa hiyo Bin Kivinje ameshinda?

Bin Kivinje

Sijashinda. Mimi sikuomba hilali, ni mleta uzi aliyesema wazee waliomba. Mimi niliomba tusiitwe wapinga maendeleo, na mpaka sasa hajajibu.

Mama Ligula

Nimeandika yote hayo mmetoka na "nani ameshinda". Kitanda cha kujifungulia kipo au hakipo?

Mwana Kitangari

Kitanda kimeahidiwa, Mama. Na ndugu Bin Kivinje, wazee wa kijiji chetu ndio waliotoa eneo la zahanati, bure, shamba la mikorosho iliyokuwa inazaa. Hilo nalisema hapa wazi wasome na wao.

Naliendele

Mzee Mnazi Mmoja, tafuta mchoro wa kiwanja chako au barua yoyote ya kijiji yenye tarehe ya kabla ya 2007. Piga picha X yako na ya jirani kwenye picha moja, ukuta kwa ukuta, halafu pima kwa futi kamba kutoka katikati ya lami mpaka kwenye msingi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, aandike na agonge muhuri. Bila kipimo hawatakusikiliza.

Korosho Ghafi

Hapo hapo Naliendele, na aliyejenga bila barua, ana mashahidi tu, inakuwaje? Sisi huku Nanyamba X zimefika wiki hii na karibu wote tulinunua kwa mdomo.

Mnazi Mmoja

Nimepima leo jioni. Mita 26 na nusu. Mwenyekiti amegonga muhuri. Niende wapi nayo?